Kitabu Tulichokipasua Kibirizi

Kitabu chenyewe hakikuwa kinene. Jalada lake la bluu lilikwisha kuchanika pembeni, na ndani yalipangwa maneno magumu ya Kiingereza kuanzia A hadi Z, kila neno na maana yake na sentensi moja ya mfano. Nilipewa na afisa wa serikali aliyekuwa jirani yangu mtaani Kasingirima, mtu wa mikoa ya kaskazini, siku alipokuwa akifunga mizigo baada ya kupata uhamisho.

"Karani," aliniambia, "hiki ndicho kilichonivusha mimi. Kimeze chote, mtihani ule hautakusumbua tena."

Alijua kuwa mtihani ule ulikwisha kunisumbua. Ulikuwa mtihani wa Kiingereza wa kimataifa, karatasi zake zinatoka ng'ambo zikiwa zimefungwa kwa lakiri, na mtu wa Kigoma anafanya maswali yale yale anayofanya mtu wa nchi nyingine yoyote. Miaka ile ya wakimbizi mji ulijaa mashirika, na mashirika yalitaka wakalimani wenye cheti cha mtihani huo. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na kazi ya kusoma mizani ya dagaa pale mwaloni Kibirizi, mitumbwi inaposhusha samaki. Nilijaribu mara ya kwanza nikaanguka. Habari za kusoma nilizielewa nusu nusu. Kila mstari wa tatu kulikuwa na neno limekaa kama jiwe njiani, nami silijui. Nilirudi kwenye mizani nikiwa nimeapa kwamba mara ya pili hakuna neno litakaloniangusha.

Nilikuwa na mwenzangu katika kiapo hicho. Alikuwa mwalimu wa sekondari huko Burundi, amekuja kwa mtumbwi na begi moja, akapanga chumba cha uani Ujiji kwa bibi mmoja mjane. Pale Kibirizi alikuwa akigeuza dagaa juani na kubeba magunia. Kirundi chake na Kiha changu vilielewana vizuri tu, na palipopungua tulijaza kwa Kiswahili. Yeye aliniita Karani, mimi nilimwita Mwalimu, na hadi leo nikimkumbuka simkumbuki kwa jina lingine. Kwangu mtihani ulikuwa kazi nzuri kuliko mizani. Kwake ulikuwa zaidi ya hapo. Kulikuwa na wafadhili waliokuwa wakiwachukua wakimbizi waliofikia alama fulani, wakawapeleka kumalizia vyuo walivyoviacha vita ilipoanza. Mwalimu alikuwa amebakiza kidogo tu amalize chuo. Alilisema jambo hilo kwa nadra sana, lakini ukimwona namna alivyokishika kitabu kile siku ya kwanza nilipomwonyesha, ulijua.

Tatizo lilikuwa kitabu ni kimoja na sisi wawili, mmoja analala Kasingirima na mwingine Ujiji. Mwalimu ndiye aliyetoa wazo. Ilikuwa siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi haiingii ziwani kwa sababu dagaa hawafuati taa mwezi ukiwaka, na mwalo wote ulikuwa kimya. Tulikuwa tumeketi juu ya magunia matupu.

"Tukipasue," alisema.

"Kitabu?"

"Katikati. Wewe unachukua A mpaka L, mimi M mpaka Z. Kila mtu anakuwa mwalimu wa nusu yake. Wewe unanifundisha zako, mimi nakufundisha zangu. Mtu akifundisha neno hawezi kulisahau."

Shangazi yangu, mdogo wa marehemu baba, alikuwa karibu akipepeta dagaa wake. Aliangua kicheko.

"Watu wazima wanapasua kitabu! Kesho mtapasua mtumbwi, mmoja avue na mbele, mwingine na nyuma."

"Shikamoo shangazi," Mwalimu alimjibu kwa utani, ingawa walikwisha kusalimiana asubuhi. "Ukipasua vizuri, hata mtumbwi unakwenda."

Tukakipasua kwa wembe. Tulishona kila nusu kwa uzi wa nyavu ili kurasa zisimwagike, na kuanzia siku ile tukawa na utaratibu wetu. Siku za giza, mwalo ulipojaa watu na mizani haipumziki, kila mtu alisoma nusu yake peke yake. Mbalamwezi ilipoingia tulikaa pamoja, yeye akinifundisha zake mimi nikimfundisha zangu. Alikuwa mwalimu kweli. Hakukupa neno likiwa uchi. Alipofika kwenye "meagre" alinyanyuka akaenda hadi kwenye chanja ya kuanikia, akarudi na konzi ya dagaa akaimwaga kiganjani kwangu. "Familia ya watu kumi, mlo wa jioni. Sema." Nami nikasema kwa Kiingereza kwamba mlo ni meagre, haba, na sijalisahau neno lile tangu hapo. Mimi nami nilijitahidi. Nilimfundisha "abundant", yaani tele, asubuhi ya mwisho ya siku za giza, mbele ya mitumbwi iliyorudi imejaa, naye akaandika neno hilo mchangani kwa kidole.

Kama mambo yangebaki hivyo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini kwenye banda la chai pale mwaloni palizuka maneno kwamba safari hii nafasi ni moja. Iwe kazi ya mashirika au chuo cha wafadhili, wakasema, mtu mmoja tu kutoka Kigoma, mwenye alama ya juu kuliko wote, ndiye atakayechukuliwa. Nani alisema, sikuuliza. Nilipaswa kuuliza. Ofisi yenye tangazo la mtihani ilikuwa mjini, ningefika nikarudi kabla chai haijapoa vizuri. Sikwenda, kwa sababu habari ile ilikwisha kunikaa moyoni, na kuanzia siku hiyo nilipomtazama Mwalimu akikunja paji la uso juu ya M mpaka Z zake, nilimwona mtu anayekimbia nyuma yangu ili anipite.

Kisha likatoka agizo kwamba wakimbizi wote wanaoishi mjini wahamie kambini. Magari yalipita Ujiji asubuhi. Nilipofika kwa yule bibi mjane nilimkuta anafagia uani.

"Wamemchukua na wenzake," aliniambia. "Godoro ameacha. Kitabu amekitia mfukoni, akasema nikwambie nusu yake ipo salama."

Nilimhurumia, hilo ni kweli. Lakini nitakuwa mwongo nikisema kwamba jambo la kwanza nililowaza halikuwa M mpaka Z.

Kambi ilikuwa mbali, unapita Mwandiga na kuendelea bara, na sikuwa na ruhusa ya kuingia. Shangazi ndiye aliyekuwa nayo. Alikuwa mmoja wa wanawake waliokubaliwa kuuza dagaa katika soko la kambi kila siku ya soko, akipanda lori na magunia yake. Nilimwomba anibebee karatasi.

"Karatasi za nini?"

"Maneno, shangazi. Yeye ataniandikia yake, mimi nitamwandikia yangu."

"Maneno!" Alishika kiuno. "Watu wananituma sabuni, wananituma mafuta, mwanangu ananituma maneno. Haya lete. Hayana uzito, dereva hatadai nauli."

Basi maneno yakaanza kusafiri ndani ya gunia la dagaa. Ya Mwalimu yalikuja yameandikwa nyuma ya karatasi za makatoni ya mafuta ya msaada, kwa mwandiko mdogo wa ubaoni, kurasa kwa kurasa, yakinuka dagaa. Kila neno lilikuwa na maana, na sentensi ya kitabu, na sentensi nyingine aliyoitunga mwenyewe kutokana na kambi. Kwa "persevere" aliandika kwa Kiingereza kwamba wanawake wa hapa huvumilia foleni ya maji tangu alfajiri wala hawaiachi. Kwa "reluctant" aliandika kwamba yeye alikuwa reluctant, yaani alisitasita, kupanda lori, lakini lilikuwa na askari. Nilicheka peke yangu mbele ya mizani hadi mchuuzi mmoja akaniuliza kama nimemwibia kipimo.

Nami nilimpelekea nini? Nilimpelekea maneno mepesi, yale niliyojua kuwa anayajua. Katika kila herufi nilikuwa nachagua. Magumu, yale yenye kunuka mtihani kabisa, nilibaki nayo. Nilijiambia kuwa nina kazi nyingi, kuwa kalamu imekwisha, kuwa nitamwandikia siku ya soko ijayo. Nilikuwa najua ninachofanya. Pale Kibirizi kuna mchezo wa zamani wa wauzaji wabaya: dagaa waliokaushwa juu ya chanja, safi, wanawekwa juu ya gunia, na chini wanajazwa wale waliokaushwa chini, wenye mchanga. Mimi niliyesimama kwenye mizani nikiwakemea wauzaji wa namna hiyo nilikuwa nikimfungia Mwalimu gunia la aina hiyo hiyo kila siku ya soko.

Shangazi hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo.

"Hebu nikuulize," alisema siku moja akipokea karatasi yangu. "Yeye ananipa mzigo mnene hivi. Wewe unanipa kikaratasi cha kufungia ugoro. Nusu yako ya kitabu ilikuwa nyembamba?"

"Zangu ni fupi, shangazi."

"Mh," alisema, akaitia kifuani. "Haya."

Nilisoma kwa nguvu miezi ile, hilo silikatai. Nilisoma nikitembea kutoka Kasingirima hadi Kibirizi, nikasoma mizani ikipanda na kushuka. Hata wabebaji wa magunia walinitania, "Karani, leo kilo ngapi kwa Kiingereza?" Nilijibu kwa neno refu lolote lililonijia, nao wakashangilia kana kwamba nimefunga goli. Nilitaka mtihani ule kuliko nilivyopata kutaka kitu kingine.

Siku ya mtihani tulikusanyika katika ukumbi wa shule mjini. Mwalimu alikuja na wakimbizi wenzake wachache, wamepewa vibali vya siku moja. Alikuwa amekonda, amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake ilimfika hadi vidoleni. Aliponiona alinikumbatia mbele ya watu.

"Amahoro, Karani! Umefika R vizuri? Karatasi za R zililowa mvua."

"Zilifika, Mwalimu. Zote."

"Vizuri. Leo tunakula kitabu kizima."

Kabla hatujaanza, msimamizi alisimama mbele akasoma masharti. Akasema, na nakumbuka alivyolirudia kwa Kiswahili ili sote tuelewe, kwamba hapa hakuna kushindana. Kila mtu anapimwa kwa alama yake mwenyewe. Hata mkifikia alama wote mlio humu, mtachukuliwa wote. Hakuna anayekaa kwenye nafasi ya mwenzake.

Nilisikia masikio yananiwaka moto. Tangazo lile lilikuwa mjini muda wote, na mimi nilisadiki banda la chai.

Tukafungua karatasi. Maneno ya nusu ya Mwalimu yalikuja moja baada ya jingine, nami nikayapokea kama wageni ninaowafahamu. Nilimwona akimwaga konzi ya dagaa, niliona foleni ya maji. Kisha yakaja ya nusu yangu. Nilikutana na "frugal", mbana matumizi, nikakutana na "impede", kuzuia, nikakutana na "grudge", ambalo ni kinyongo. Yote niliyajua. Na yote nilijua kwamba sikuyapeleka. Mwalimu alikuwa ameketi mbele yangu kidogo, upande wa dirishani. Kila nilipofika kwenye neno la upande wangu nilinyanyua macho, na nikaiona kalamu yake imesimama.

Tulipotoka nje alikuwa akijifuta jasho kwa lile koti la watu.

"Kulikuwa na maneno ya upande wako ambayo sikupata kuyaona," alisema. "F, G, pale."

"Labda hayakuwemo kitabuni," nikamjibu.

Alinitazama kidogo. Gari la kambi likapiga honi, akaondoka.

Matokeo yalipokuja mimi nilipita. Mwalimu alipungukiwa kidogo. Watu wa Kibirizi walininunulia soda, wabebaji wakanibeba begani, na mimi nilicheka nao kwa sababu nisingejua kueleza kwa nini sicheki. Niliacha mizani nikapata kazi ya ukalimani katika shirika moja mjini, kama nilivyotaka.

Siku ya soko iliyofuata shangazi alirudi kutoka kambini akaniwekea mezani mzigo wa karatasi. Nilifikiri ni barua ya kunitukana. Zilikuwa karatasi za T mpaka Z, zile chache tulizokuwa hatujazifikia mtihani ulipotukuta. Kila neno na maana yake, na sentensi mbili. Juu aliandika mstari mmoja tu wa Kiswahili, kwamba mtihani umepita lakini tulikubaliana kitabu kizima.

"Amesema nini?" shangazi aliuliza.

"Amemaliza zake."

"Na wewe?"

Nilianza kuzipanga upya karatasi zile. Aliendelea kunitazama, kisha akasema polepole, "Mwanangu, mimi ndiye ninayebeba. Usinifanye nibebe aibu yako tena. Siku ya soko ijayo utapanda lori na mimi, utabeba gunia kama wabebaji wangu, ambao getini hawaulizwi kibali, na utampelekea mwenyewe."

Niliomba ruhusa kazini siku hiyo. Nilibeba gunia la shangazi begani hadi sokoni, nusu yangu ya kitabu ikiwa ndani ya shati, imenata na jasho. Mwalimu alikuwa akifundisha watoto chini ya turubai. Alipowaachia alikuja tukaketi nyuma ya meza ya shangazi, juu ya magunia, kama zamani.

Nilianza maneno marefu. Nilieleza habari ya banda la chai, habari ya nafasi moja, na jinsi shetani alivyo. Aliniacha nikafika mbali, kisha akainua mkono.

"Karani, nilijua tangu C. Dagaa wa mchanga anajulikana ukimtia mdomoni tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kwa shangazi yako? Na mimi nilikuwa nahitaji hata hizo chache." Akanyoosha mkono. "Usiniombe radhi kwa Kiswahili kirefu hivyo. Umekuja na kitabu? Fungua A."

"Zote?"

"Zote. Hata zile nyepesi. Mtihani mwingine upo, na safari hii sitaki kutazama dirisha."

Tukaanza A siku hiyo hiyo. Shangazi alikuwa akiuza mbele yetu na kutukemea tukipaza sauti, kwamba wateja wanadhani tunagombana. Tangu hapo nilikwenda kila siku ya soko. Nilijifunza kufundisha kama yeye, neno halitoki bila kitu cha kulishika. Mvua ilinyesha, lori likakwama njiani, nikaenda kwa baiskeli ya kuazima kutoka Mwandiga. Wenzangu ofisini waliuliza kama nimepata mchumba kambini. Nilisema ndiyo, na kwamba ana ndevu.

Tulikuwa kwenye herufi ya H habari ilipotufikia kwamba vibali vya kutoka kambini vimesimamishwa. Mtihani ungefanyika mjini kama kawaida, ila mkimbizi hatatoka. Nilikwenda kwa wakubwa wangu, nikaandika maombi, nikasimama kwenye korido za ofisi ambazo sikuwahi kuthubutu kuingia. Nilitumia kila neno gumu nililojifunza. Waliniambia kwamba Kiingereza changu ni kizuri sana, na kwamba haiwezekani. Ile siku moja ya kibali aliyokuwa nayo Mwalimu, ile niliyomharibia, ndiyo iliyokuwa siku yake. Hakupata nyingine hadi watu wake waliporudishwa kwao Burundi. Nilikuja kuacha kazi ile mashirika yalipoondoka, na nimefanya mengine mengi, mazuri na mabaya. Hili sijapata namna ya kulifanya dogo.

Nilipompelekea jibu la ofisi aliiweka kalamu chini. Nilifikiri tutafunga kitabu.

"Tulikuwa wapi?" akauliza.

"H. Lakini Mwalimu, sasa mtihani..."

"Nakuuliza tulikuwa wapi, Karani."

Tukaendelea. Hatukuruka neno. Wakati mwingine wanafunzi wake walikaa nasi wakirudia kwa sauti, na shangazi naye, aliyekuwa akijidai hasikii, siku moja alimwambia mteja aliyekuwa akipunguza bei kwamba yeye ni "frugal", na mteja akadhani ametukanwa.

Tulifika ukurasa wa mwisho wa nusu yangu siku ya soko yenye jua kali. Uzi wa nyavu ulikuwa umelegea, na ukurasa ule ulining'inia. Neno la mwisho lilikuwa "lush".

"Maana yake," nilisema, "majani mabichi, mazito, yaliyostawi."

Mwalimu alitafuta kwa macho kitu cha kulishika neno, kama alivyonifundisha. Kambi nzima ilikuwa vumbi. Miti yote hadi kilimani ilikwisha kukatwa kuni, na turubai zilipauka. Alitazama huku, akatazama kule, mwisho akaanza kucheka, nami nikacheka, hadi shangazi akageuka.

"Neno hili halina kazi hapa," alisema Mwalimu akiandika. "Lakini nalichukua."